Mke wangu amerekodi wimbo wa kumlaza mtoto ili nisiuimbe mimi

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa tisa tangu nihamie Leicester, Uingereza, ambako nafanya kazi katika ghala la mizigo. Nimeoa Mwingereza, na tumejaliwa binti mmoja mwenye umri wa miaka miwili na miezi minane. Nyumba yetu ina amani, na nalitanguliza hilo ili usije ukadhani kwamba nakuandikia kumshtaki mke mbaya. Lililonileta kwako ni jambo dogo kiasi kwamba nimeona haya kumweleza rafiki yeyote hapa: ni wimbo wa kumlazia mtoto.

Mpaka mwanzoni mwa mwaka huu, kumlaza mtoto ilikuwa kazi ya mama yake. Kisha mke wangu, ambaye ni muuguzi, alibadilishiwa zamu, na sasa usiku tatu kila wiki huondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu za jioni, nami nikabaki na mtoto. Siku ya kwanza aliniachia karatasi jikoni, ameibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, ameandika utaratibu wote: maziwa, mswaki, kitabu kimoja, nyimbo tatu kwa mpangilio ule ule, taa ndogo, basi. Nyimbo zote tatu ni za Kiingereza. Nilikuwa nimezisikia kupitia ukutani kwa zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo sauti zake nilizijua, na maneno niliyafuata kwa mlio tu, kama tulivyokuwa tukiimba nyimbo za sinema za Kihindi utotoni bila kujua zinasema nini.

Mwanzo haukuwa rahisi. Binti yangu alikuwa akinyanyua kiganja chake na kunifunika mdomo katikati ya mstari, kisha ananiambia, "Si hivyo, Baba," na kulitamka neno kama mama yake anavyolitamka. Nililazimika kulirudia mpaka aridhike. Nikimsimulia mtu hucheka, nami hucheka naye, lakini kuna usiku nilitoka chumbani mle nikihisi kwamba nimefeli mtihani mbele ya mwanangu.

Wimbo wa tatu, ambao ndio wa kufungia, unaitwa "Rock-a-bye Baby". Nilikuwa nimekwisha kuuimba kwa wiki tano hivi, nilipousikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwangu mwenyewe. Kiingereza nakijua, Mshauri, lakini maneno ya wimbo hupita tu mpaka siku yanapokusimamisha. Wimbo unasema kwamba mtoto amelazwa katika susu juu kabisa ya mti. Upepo ukivuma, susu itabembea. Tawi likivunjika, susu itaanguka, na mtoto ataanguka nayo. Nilinyamaza na mtoto mapajani. Yeye akanisukuma begani ili niendelee.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tukizungumza na mama yangu kwa simu ya video, na binti yangu akamwimbia bibi yake wimbo huo. Mama akataka kujua maana yake, nami kwa ujinga wangu nikamtafsiria neno kwa neno. Alishika kichwa. "Astaghfirullah! Mnamwombea mtoto aanguke? Hamjui kwamba kinywa huumba?" Tangu siku hiyo, kila akipiga simu huuliza kama bado tunauimba.

Basi nikafanya nililolifanya. Sauti niliiacha kama ilivyo, nikautungia maneno ya Kiswahili: upepo wa kusi unavuma polepole, tawi ni imara, halivunjiki, na baba yuko chini ya mti amekinga mikono. Mtoto aliukubali kwa usiku mbili bila neno. Asubuhi ya siku ya tatu, mama yake alipokuwa ndiyo kwanza anavua viatu baada ya zamu, akamwambia kwamba Baba ameuharibu wimbo wa Nana.

Huyo "Nana" ni bibi wa mke wangu, mama wa mama yake, ambaye ndiye aliyemlea huko Oldham. Katika ujana wake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi za pamba. Bibi huyo alifariki wakati binti yetu alipokuwa na miezi minne. Mke wangu aliketi kwenye ngazi, akiwa bado na kiatu kimoja mguuni, akalia, akaniambia kwamba ningeweza kuuchukua wimbo mwingine wowote wa nyumba hii lakini si huo. Hatukugombana. Ila wiki iliyofuata nilikuta kwenye simu yangu sauti yake ameirekodi, nyimbo zote tatu, na ujumbe unaoniomba niwe namwekea mtoto hiyo usiku ambao yeye hayupo. Mpaka leo sijaiweka hata mara moja, na yeye hajauliza, na mtoto ananidai wimbo.

Wenzangu wa Afrika Mashariki hapa wananiambia nikaze uzi, kwa kuwa mtoto akilala kwa Kiingereza ataamka kwa Kiingereza, na Kiswahili kitakufa nyumbani mwangu. Nami nakiri kwamba nikijaribu kumwimbia kitu cha kwetu sina la kuimba, kwa sababu sikumbuki wimbo hata mmoja. Mama alikuwa akikaanga samaki barazani mpaka usiku, na aliyekuwa akinilaza ni dada yangu mkubwa. Naomba unisaidie kufikiri. Je, maneno ya wimbo ule yanaweza kumdhuru mtoto? Nina kosa kutaka mwanangu alale kwa lugha yangu? Na ile sauti kwenye simu niifanyeje?

Baba wa Binti Mmoja, Leicester

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Ondoa haya. Jambo linalompata mtu gizani, mtoto akiwa mapajani, halina udogo, na wengi wanaosoma barua yako watajiona humo, ingawa si wote watakaokiri.

Nianze kwa kukurudishia barua yako kama nilivyoielewa, nawe uone kama nimekosea. Umepewa kazi ambayo hukuwa nayo, pamoja na karatasi ya maelekezo. Umeifanya kwa bidii ukisahihishwa na mtoto mdogo. Ukagundua kwamba maneno unayoyaimba yanakutisha, mama yako akaitia hofu yako nguvu, nawe ukatafuta njia ambayo hukudhani ingemuumiza mtu. Ikamuumiza mkeo, tena mahali ambapo bado pana kidonda. Sasa kuna sauti katika simu yako ambayo unaiona kama barua ya kufukuzwa kazi. Umeniuliza maswali matatu, lakini ndani ya barua kuna jambo la nne uliloliandika kwa haraka kabla tu ya maswali hayo, na huko ndiko nitakakofikia.

Kwanza huo wimbo wenyewe. Ni wa zamani sana. Ulichapishwa London katika karne ya 18, ndani ya kitabu cha mashairi ya watoto, na mchapishaji aliuwekea tanbihi ya kejeli kwamba uwe onyo kwa wenye kiburi na tamaa ya makuu, wanaopanda juu mpaka mwishowe wakaanguka. Kwa hiyo hata Waingereza wa wakati ule waliyaona maneno yake kuwa ya ajabu, wakayatafutia maana. Kuna wanaosema kwamba mtoto wa kwenye susu ni mwana wa Mfalme James wa Pili, aliyezaliwa mwaka 1688 na ambaye baba yake alipoteza kiti cha enzi mwaka huo huo. Wengine wana hadithi nyingine kabisa, na hakuna hata moja iliyothibitishwa. Ninachotaka ukione ni kwamba hukuwa mtu wa kwanza kunyamaza katikati ya wimbo ule, na hofu yako haikutokana na kuwa mgeni.

Hata hivyo, naomba tuulizane kama nyimbo zetu ni salama kuliko huo. Nimezaliwa pwani, na nimewasikia wanawake wakibembeleza tangu sijajua maana ya neno hilo. Mtoto wa pwani huambiwa "howa, howa" kwa upole wote, kisha katika mstari unaofuata anaelezwa kwamba fisi yuko nje, au zimwi linapita, au baba amesafiri na hajulikani atarudi lini. Bara nako mama amekwenda kuchota maji na amekawia. Ziko bembelezi ambazo anayeimba anamwambia mtoto habari za upweke wake mwenyewe, habari ambazo asingethubutu kuwaambia watu wazima waliokaa sebuleni. Huenda hata mama yako, aliyeshika kichwa kwa kusikia habari za tawi, aliwahi kumwimbia mmoja wa ndugu zako kwamba fisi anawapenda watoto wanaolia. Simsemi kwa ubaya. Usiku wa mlezi ni mrefu, mtoto haelewi maneno, na mlezi anapata nafasi ya kuisema hofu yake kwa sauti tamu. Mwanamke yeyote aliyewahi kumshika mtoto mchanga amewahi kuogopa kwamba atamwangusha. Huenda ndicho kinachoimbwa pale.

Je, mtoto anadhurika? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi ambamo waliwasikilizisha watoto wachanga nyimbo za kubembelezea kutoka jamii za mbali, katika lugha ambazo watoto hao hawakuwahi kuzisikia, pamoja na nyimbo nyingine zisizo za kubembeleza. Mapigo ya moyo ya watoto yalitulia zaidi kwa zile za kubembeleza. Hawakuelewa hata neno moja. Kilichowafikia ni mwendo wa sauti. Lakini hao walikuwa wachanga, na wako anakaribia miaka mitatu, umri ambao maneno huanza kuingia yakiwa na picha. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba wasiwasi wako hauna msingi. Naweza kukuambia kwamba yuko mtu anayeweza kukujibu vizuri kuliko mimi, naye ni huyo anayekufunika mdomo kwa kiganja. Mchana mmoja, mkiwa mnacheza, muulize yule mtoto wa kwenye mti inakuwaje. Akikujibu kwamba mama yake anamdaka, au kwamba anaangukia kwenye mto laini, utajua kwamba amekwisha kulitatua tatizo lako bila kukuambia. Akionyesha hofu, basi utakuwa na jambo la kumweleza mkeo ambalo halikutoka Tanga wala kichwani mwako, bali limetoka kwa mtoto wenu.

Kuhusu kinywa kuumba, hiyo ni imani ya mama yako, naye ana haki nayo. Sitakushauri ubishane naye. Lakini hukulazimika kumtafsiria neno kwa neno, na nadhani unalijua hilo, kwa kuwa umeliita ujinga wako mwenyewe. Unaposimama kati ya watu wawili wa lugha mbili, wewe ndiye mlango, na mlango si lazima uwe wazi saa zote.

Sasa twende kwenye maneno yako ya upepo wa kusi. Ningependa ujue kwamba ulichokifanya ndivyo nyimbo hizi zilivyopatikana. Ule wimbo wa nyota unaometameta, "Twinkle, Twinkle, Little Star", ambao bila shaka umo katika ile karatasi ya friji au hauko mbali nayo, maneno yake ni shairi la Mwingereza Jane Taylor lililochapishwa mwaka 1806. Sauti yake ni ya Kifaransa, ya karne iliyotangulia, na Mozart alikuwa amekwisha kuichezea kwenye piano kabla shairi halijatungwa. Sauti hiyo hiyo ndiyo watoto wa Kiingereza wanayojifunzia herufi. Hakuna aliyelalamika kwamba wimbo wa Wafaransa umeharibiwa. Kwa hiyo kuweka maneno mapya juu ya sauti ya zamani si wizi wala si dharau, na hayo ya kwako, kama yalivyo katika barua, ni mazuri. Yale ya baba aliyekinga mikono chini ya mti niliyasoma mara mbili.

Lakini waliochukua sauti ile ya Kifaransa hawakuichukua kutoka kwa mtu aliyekuwa matangani. Wewe ulichukua wimbo ambao kwako ulikuwa wa Kiingereza, na kwa mkeo haukuwa wa Kiingereza hata kidogo. Ulikuwa wa bibi yake. Hapo ndipo nadhani mlipopishana. Katika barua yako nzima neno "Kiingereza" limekuwa kama jina la mpinzani wako, ilhali mwanamke aliyeketi kwenye ngazi na kiatu kimoja hakuwa akiilinda lugha ya taifa lake. Alikuwa akimlinda mwanamke mzee wa kiwandani ambaye sauti yake haipo tena popote isipokuwa katika mistari ile, kwa mpangilio ule. Mwaka wa msiba wake ulikuwa pia mwaka wa kunyonyesha, na mara nyingi anayenyonyesha hapati nafasi ya kuomboleza. Mliwahi kumzungumza Nana tangu afariki? Nauliza tu. Hukusema.

Tuitazame basi ile sauti kwenye simu. Wewe umeisoma kwamba hutakiwi. Inawezekana umesoma sawasawa; inawezekana mkeo aliumia, akajifunga, akatafuta njia ya kukuzuia bila kugombana. Lakini yapo masomo mengine. Mtu anayeondoka nyumbani jioni kwenda kuwahudumia wagonjwa usiku kucha, akijua kwamba mwanawe analala bila yeye usiku tatu kwa wiki, anaweza kurekodi sauti yake kwa sababu tu anataka kuwepo. Inawezekana pia alikuona unahangaika na matamshi, akadhani anakupunguzia mzigo. Mimi sijui ni lipi, nawe pia hujui, kwa kuwa hamjaulizana. Wewe hujaiweka, yeye hajauliza, na mnamwachia mtoto wa miaka miwili na nusu awe ndiye msemaji wa nyumba.

Ukiamua kuiweka kila usiku kama ulivyoombwa, mkeo atatulia na mtoto atalala. Hatari yake ni kwamba utakuwa umekaa kando ya kitanda kama mlinzi wa lindo, na chuki ndogo huzaliwa katika vikao vya namna hiyo, zaidi kwa mtu ambaye tayari anajiona amefeli. Tena kifaa chenye mwanga hukizoea haraka mtoto, na mtakuja kujuta kwa sababu nyingine. Ukiamua kutoiweka kabisa na kuendelea na maneno yako, utakuwa umeshinda usiku tatu na kushindwa usiku nne, na mtoto atalazimika kuchagua wimbo wa kumfurahisha kila mzazi, kazi ambayo hakuomba. Ipo pia njia ya kuuimba wimbo wa Nana kama ulivyo, kwa maneno yake yote, tawi na susu, ukijua safari hii unaimba nini na unamwimbia nani. Baadhi ya wanaume wangeona hiyo ni kusalimu amri. Mimi sioni hivyo, lakini siwezi kuuimba kwa niaba yako, na ukiuimba huku umeuma meno mtoto atasikia meno.

Kati ya hizo kuna njia za katikati, ambazo wengi huzikimbilia kwa sababu zinaonekana hazina gharama. Kwa mfano, nyimbo tatu za karatasi zibaki mahali pake, na wa kwako uwe na mahali pake mwenyewe: katika maji ya kuoga, au wakati wa kumpaka mafuta, au kwenye ngazi mnapopanda kwenda chumbani, ngazi zile zile. Napenda wazo hilo, lakini lina gharama yake. Mtoto wa umri huo hupenda usiku wake uwe kama jana, na ukileta wimbo mgeni atakuambia "si huo" kwa wiki mbili au tatu mfululizo, nawe tayari una ngozi nyembamba kwa neno hilo. Ndiyo maana ningeanza mchana. Wimbo uliokwisha kuzoeleka saa nne asubuhi huingia chumbani jioni bila kubisha hodi. Na kile kiganja mdomoni, mwanangu, usikisome kama alama ya mtihani. Mtoto anayekusahihisha anataka uendelee kuimba; angekuwa hataki, angegeukia ukutani.

Unaweza pia kumpelekea mkeo maneno yako ya Kiswahili, uyaandike, umweleze maana yake mstari kwa mstari, na umwambie ulichokiogopa usiku ule uliponyamaza. Nina hakika hajui kwamba ulikuwa ukiwaza mtoto wako akianguka. Anachojua ni kwamba wimbo wa bibi yake umebadilishwa akiwa kazini. Huenda akayapenda maneno hayo, akataka kujifunza kuyaimba. Huenda pia akasema kwamba ni mazuri lakini yatafutiwe sauti nyingine, na itakubidi uwe tayari kulisikia hilo bila kuona umekataliwa wewe.

Kuhusu wenzako wanaosema Kiswahili kitafia kitandani, hapo sitawabembeleza. Nyimbo tatu ni dakika kumi. Lugha ya mtoto haijengwi kwa dakika kumi za usingizi, hujengwa kwa soksi, uji, mvua, ugomvi wa kuvaa koti, na watu wengi wanaomjibu. Leicester, tena, si jangwa la Kiswahili. Katika miaka ya sabini, zaidi baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, mji wenu ulipokea familia nyingi za Kihindi kutoka Uganda, nyingine zikatoka Kenya, na wapo wazee wa familia hizo ambao bado wanahesabu chenji kwa Kiswahili. Mpeleke binti yako dukani Belgrave Road, aagize bizari mwenyewe na kujibiwa na mzee ambaye si baba yake. Hilo litakifaa Kiswahili chake kuliko vita vya chumbani. Mimi mwenyewe, nikuambie ukweli, kifungua mimba wangu alilala miezi sita kwa wimbo wa tangazo la sabuni la redioni, kwa kuwa saa nane za usiku ndio pekee uliokuja kichwani, na hakuwa mfuasi wa sabuni.

Na sasa lile la nne. Umeandika kwamba ukitaka kuimba kitu cha kwenu huna la kuimba, kwa sababu hukumbuki hata wimbo mmoja, kisha ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Nimejiuliza kama uchungu wako wote ni wa lile tawi. Mkeo ameingia chumbani mle na nyimbo tatu alizorithi. Wewe umeingia mikono mitupu na karatasi ya friji. Kama ni hivyo, basi wimbo wa Nana haukukunyang'anya kitu; ulikuonyesha tu mahali palipokuwa wazi, na hilo linauma kwa namna yake, wala mkeo hawezi kuliponya kwa kuacha kuimba.

Lakini ulilazwa, mwanangu. Mtoto wa Ngamiani hakulala hivi hivi. Kulikuwa na msichana mwenye umri wa kwenda shule, mama yuko barazani na karai la mafuta, na msichana huyo ana mdogo wake mgongoni au mapajani, na lazima kuna kitu alikuwa akikiimba. Labda kilikuwa bembelezi hasa, labda kipande cha taarabu kutoka redio ya jirani, labda wimbo wa mchakamchaka wa shule ameupunguza mwendo. Dada mkubwa anayelea hukumbuka, hata kama hakuna aliyewahi kumuuliza. Na hata akisema amesahau, atakumbuka ulivyokuwa msumbufu, na hilo nalo ni la kumsimulia binti yako.

Usimpigie mbele ya mtoto, wala usimwombe amwimbie mtoto kwa video. Mpigie peke yako, umwombe akuimbie wewe. Majira haya, Leicester ikiwa saa moja na nusu za usiku, na mtoto ameshalala kwa wimbo wowote mtakaokuwa mmekubaliana, Tanga ni saa tatu na nusu. Atakuwa bado macho, anaosha vyombo.